Dola Mia Tano za Kukopa: Barbara Jordan Anagombea kwa Mara ya Kwanza

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi mtasoma habari za hisa, za mikopo, na za wale wanachama wa mwanzo waliokuwa wakikutana chini ya mwembe na daftari moja la kurasa arobaini. Sisi wa kamati ya uandishi tumepewa kurasa hizi chache tuandike historia, na tumechagua historia ya mbali. Sababu yake wengi wenu mnaijua. Mwanachama mwenzetu mmoja ametangaza mkutanoni kwamba safari hii atachukua fomu ya udiwani, siyo kiti maalum bali kiti chenyewe cha kata, na tangu siku ile maneno hayajaisha. Wapo wanaosema kikundi cha kuweka na kukopa hakina shughuli na siasa. Wapo wanaouliza, je, akishindwa? Na wapo wafadhili wetu wa hapa mtaani waliotuuliza kwa upole kama fedha za kikundi zitaingia kwenye kampeni.

Hilo la mwisho jibu lake ni fupi. Katiba yetu hairuhusu, na hazitaingia. Lakini hilo la "akishindwa" halijibiwi kwa neno moja, ndiyo maana tumeona tuwasimulie habari za mwanamke mmoja aliyeshindwa mara mbili. Huyu ni Barbara Jordan wa Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Wengi waliowahi kumsikia wanamjua kwa mambo yake makubwa ya mwaka 1974 na 1976. Sisi tutakaa zaidi na mwaka 1962, alipokuwa hajulikani, hana fedha, na anagombea kwa mara ya kwanza.

Kwanza tuelewane maneno. Marekani kila jimbo lina bunge lake, mbali na lile bunge kuu la Washington. Bunge la Texas lina nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi lenye watu 150, na Seneti yenye watu 31. Ndani ya jimbo kuna kaunti, na Houston imo katika kaunti ya Harris. Tukisema "jimbo" katika makala hii tunamaanisha Texas nzima, siyo jimbo la uchaguzi kama tulivyozoea hapa kwetu.

Binti wa Fifth Ward

Barbara alizaliwa tarehe 21 Februari 1936 katika mtaa wa Fifth Ward, mtaa wa watu weusi. Baba yake, Benjamin Jordan, alikuwa karani wa ghala na tena mhubiri wa Kibaptisti. Mama yake, Arlyne, alikuwa maarufu kanisani kwa kuzungumza vizuri mbele za watu. Walikuwa mabinti watatu na yeye ndiye kitinda mimba. Aliyemkaa zaidi moyoni ni babu yake mzaa mama, John Ed Patten, aliyekuwa na mkokoteni na akinunua na kuuza makorokoro: matambara, makaratasi, vyuma chakavu. Jumapili baada ya ibada mjukuu alikuwa akienda kwa babu kusaidia kupanga mizigo, na mzee yule alimfundisha asiishi kwa kufuata watu wanavyotaka. Kwa maoni yetu shule yake ya kwanza ya siasa ilikuwa pale kwenye makorokoro.

Alipokuwa sekondari, mwanasheria mwanamke mweusi aitwaye Edith Sampson alikuja kutoka Chicago kuwahutubia wanafunzi. Barbara alimsikiliza akasema, mimi nitakuwa mwanasheria. Hakujua hata mwanasheria anafanya nini hasa, ila alimwona mtu. Akasoma Texas Southern University, chuo kilichoanzishwa mwaka 1947 ili weusi wapate pao pa kwenda na wasiingie Chuo Kikuu cha Texas cha wazungu. Huko aling'ara katika midahalo, akamaliza mwaka 1956, kisha akaenda Boston kusomea sheria, akamaliza mwaka 1959. Akarudi nyumbani. Ofisi yake ya kwanza ya uwakili ilikuwa meza ya kulia chakula ya wazazi wake.

Kazi ya kulamba stempu

Mwaka 1960 Kennedy na Johnson waligombea urais na umakamu. Barbara alikwenda kujitolea katika ofisi ya kampeni mjini Houston, wakampa kazi waliyokuwa wakipewa wasichana wote: kuandika anwani kwenye bahasha na kulamba stempu. Usiku mmoja msemaji aliyetegemewa katika kanisa moja hakutokea, wakamwambia, hebu wewe nenda ukaseme nao. Akaenda. Watu wakashangaa sauti ile inatoka wapi. Kuanzia hapo hakurudishwa tena kwenye bahasha.

Lakini tusidanganyane kwamba ilikuwa sauti peke yake. Kazi kubwa aliyoifanya mwaka ule ni ya miguu. Yeye na wenzake waliandaa wajumbe wa mitaa katika vituo vya kura kama 40 vya weusi katika kaunti ya Harris. Sisi tuliokulia enzi za balozi wa nyumba kumi hatuhitaji kuelezwa sana. Kila mjumbe alikuwa na nyumba zake, anajua nani yumo ndani, nani kajiandikisha, nani mgonjwa atahitaji gari siku ya kura. Waliokuwa wakizunguka mitaani wengi wao ni akina mama wa makanisani. Siku ya uchaguzi, katika mitaa ile, karibu asilimia 80 ya waliojiandikisha walijitokeza.

Na kujiandikisha kwenyewe kulikuwa mtihani. Wazee wetu wanaikumbuka kodi ya kichwa ya mkoloni, usipolipa unakamatwa. Texas nayo ilikuwa na kodi ya kichwa tangu mwaka 1902, ila yao ilikuwa na ujanja mwingine. Usipolipa hukamatwi, lakini hupigi kura. Ilikuwa kati ya dola 1.50 na 1.75 kwa mtu. Utasema ni kidogo. Sasa fikiria mwaka 1962 kima cha chini cha mshahara kisheria kilikuwa dola 1.15 kwa saa, na watumishi wa majumbani, kazi waliyofanya wanawake weusi wengi sana wa Houston, hawakuhesabiwa kabisa katika sheria ile. Mume na mke wakitaka kupiga kura wote wawili ni dola 3 na zaidi. Ubaya zaidi, kodi hiyo ililipwa kabla ya mwisho wa Januari, wakati kura za maoni ni Mei. Yaani ulipe wakati wagombea wenyewe hujawasikia, tena Januari, mwezi ambao hapa kwetu pia kila mama anaujua kwa ada na madeni ya sikukuu. Ukipoteza ile stakabadhi ni balaa jingine.

Kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya zaidi, maana Chama cha Democratic cha Texas kilikuwa kinawazuia weusi kabisa wasishiriki kura zake za maoni. Kwa kuwa wakati ule chama hicho ndicho kilichotawala kila mahali, aliyeshinda kura za maoni alikuwa ameshashinda uchaguzi. (Wasomaji wetu wengi hali hiyo hawahitaji kuisoma kwenye vitabu.) Zuio hilo lilivunjwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1944, katika kesi iliyofunguliwa na daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith. Na mwaka 1958 mama mmoja mweusi, Hattie Mae White, alichaguliwa katika bodi ya shule za Houston. Kwa hiyo njia ilikuwa imeanza kufyekwa, na Barbara hakuwa wa kwanza kushika panga.

Mwaka 1962

Mwaka 1962, akiwa na miaka 26, kundi la watu wa mrengo wa mageuzi ndani ya chama lilimshawishi agombee Baraza la Wawakilishi. Ada ya kugombea ilikuwa dola 500. Hakuwa nazo. Alizikopa. Wanachama wenzetu, mkopo wa dola 500 bila biashara ya kuurejesha, tena kwa kazi ambayo ukiipata mshahara wake ni dola 4,800 kwa mwaka mzima! Katika kamati yetu ya mikopo fomu kama hiyo ingerudishwa mlangoni.

Akaanza kuzunguka. Alizungumza kanisani, vyama vya wafanyakazi, kumbi za wazungu wa mrengo wake. Kwenye mikutano ya wagombea wote watu walisimama wakampigia makofi. Waliomshauri walikuwa na hesabu zao: kura za weusi atapata karibu zote, na za wazungu atapata kiasi fulani, zikijumlishwa zinatosha. Hesabu ilionekana nzuri sana kwenye karatasi.

Kura zilipohesabiwa, mpinzani wake, mwanasheria mzungu Willis Whatley, alipata kama 65,000, na yeye kama 46,000. Weusi walimpa kura karibu zote kama ilivyotabiriwa. Zile za wazungu hazikuja. Na hapa ndipo palipomwuma. Wenzake wengi aliokuwa nao katika orodha moja ya wagombea, wazungu, walishinda. Watu wake wa Fifth Ward waliambiwa wapigie orodha nzima, wakapigia. Kumbe wale wa upande wa pili walipofika kwenye jina lake walilipita. Kwa maneno mengine kura alizozivuta yeye ziliwapeleka wenzake bungeni, yeye akabaki Houston na deni.

Baada ya matokeo mwalimu mmoja wa chuo kikuu alimweleza kwamba ana mzigo mkubwa mno: ni mweusi, ni mwanamke, na tena ni mnene, watu hawaipendi sura hiyo. Maneno haya aliyaeleza mwenyewe baadaye katika kitabu cha maisha yake. Tumejadili katika kamati kama tuyaweke humu, tukaona tuyaweke, kwa sababu mwenzetu ameshaanza kuambiwa yake, na aliyemwambia alidhani anamsaidia.

Kwa nini alishindwa? Si kwa sababu ya mwili wake. Twende taratibu hapa, maana hapa ndipo penye somo la hesabu.

Viti vya kaunti ya Harris vilipigiwa kura na kaunti nzima. Kila kiti kilikuwa na namba yake, na kila mpiga kura, kutoka pembe hii hadi pembe ile, alipigia kila kiti. Chukueni mfano wa kikundi. Tuseme tuko wanachama thelathini: ishirini na wanne wanatoka upande wa sokoni, sita wanatoka bondeni. Tunachagua viongozi watano. Ukisema kila kiti kipigiwe na wote, na kama watu wa sokoni hawamtaki mtu wa bondeni, basi bondeni watakosa vyote vitano, mwaka huu na mwaka ujao na mwingine. Lakini ukigawa wanachama katika makundi matano ya sita sita kwa jirani, bondeni watapata kiongozi mmoja, na hakuna aliyeonewa. Wanachama ni walewale na kura ni zilezile. Kilichobadilika ni namna ya kugawa.

Katika kaunti ya Harris weusi walikuwa kama mmoja kati ya watano. Ndiyo hao sita wetu wa bondeni.

Na Seneti ilikuwa kichekesho zaidi. Katiba ya Texas ya mwaka 1876 ilisema kaunti moja isipate zaidi ya seneta mmoja, hata iwe kubwa namna gani. Kaunti ya Harris katika sensa ya mwaka 1960 ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na laki mbili. Seneta wao mmoja. Maeneo ya mashambani yenye watu sehemu ndogo tu ya hao, nao seneta mmoja.

Mara ya pili, na baada yake

Mwaka 1964 aligombea tena kiti cha Wawakilishi, dhidi ya Whatley yuleyule. Kura zake ziliongezeka. Akashindwa tena.

Hapa pana kipindi ambacho wanaosimulia habari zake hukipita mbio, na sisi tungependa kukaa nacho kidogo. Alikuwa na miaka 28. Ameshindwa mara mbili. Ndugu na marafiki walianza kumwambia kwa upendo kwamba siasa amejaribu, sasa aolewe. Alifikiria hata kuhama Texas aende mahali ambapo mtu mweusi anaweza kuchaguliwa. Aliendesha gari peke yake akiwaza. Mwishowe akaamua hahami, wala haolewi kwa sababu watu wanangoja. Aliamua kwamba siasa ndiyo kazi yake na mengine yatakaa pembeni. Sisi wengi katika kikundi tuna waume na watoto na hatusemi kwamba hiyo ndiyo njia ya kila mtu. Ila uamuzi ulikuwa wake, naye aliufanya akiwa ameshindwa, wakati hakuna dalili yoyote kwamba mambo yatabadilika.

Yakabadilika, na si kwa juhudi zake. Juni 1964 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Alabama, iliamua kwamba maeneo ya uchaguzi ya mabunge ya majimbo lazima yalingane kwa idadi ya watu. Texas ikabanwa, na mwaka 1965 ramani ikachorwa upya. Kaunti ya Harris, iliyokuwa na seneta mmoja, ikapata wanne. Wakati huohuo kodi ya kichwa ilikuwa inakufa vipande vipande. Januari 1964 marekebisho ya 24 ya katiba ya Marekani yaliifuta kwa uchaguzi wa kitaifa. Februari 1966 mahakama ya shirikisho ikaifuta Texas kwa uchaguzi wa jimbo pia, na ikabidi lifunguliwe dirisha la siku chache mwezi Machi ili watu waandikishwe bure kabla ya kura za maoni za Mei.

Barbara alichukua ile ramani mpya akaiweka juu ya matokeo yake ya zamani. Eneo jipya la 11 la Seneti lilikuwa limeangukia hapohapo kwao. Akatazama kituo kwa kituo, akaona kwamba vituo vilivyomo ndani ya eneo hilo ndivyo vilevile alivyokuwa akishinda mwaka 1962 na 1964. Zile kura walizoziita za kupotea zilikuwa ndizo sensa yake. Alijua nyumba, alijua wajumbe, alijua kanisa gani linafungua mlango. Mtu mpya asingejua.

Weusi hawakufika nusu ya wapiga kura wa eneo lile. Walikuwamo Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na wazungu wafanyakazi wa viwandani. Kwa hiyo siyo kweli, kama wengine walivyosema, kwamba alichorewa eneo la kupewa bure.

Mpinzani wake sasa alikuwa J. C. Whitfield, mzungu, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na mtu wa mrengo uleule wa mageuzi. Alidhani kiti ni chake kwa zamu. Alipoona hali ngumu akaanza kuuliza hadharani kama mzungu ana nafasi ya kushinda katika eneo lile. Barbara akajibu kwa ufupi kwamba safari hii hana. Na wakati wote mikutanoni aliwaambia watu wake jambo moja wasilisahau, kwamba weusi wa Texas wamekuwa wakiwapigia wazungu kura miaka yote na hakuna aliyewaita wabaguzi. Kampeni ilituma majumbani mfano wa kura uliowekwa alama, ili mtu ambaye hajawahi kupiga kura maishani ajue mkono wake uende wapi. Jambo dogo hilo. Lakini waliokuwa wasimamizi vituoni wanajua kura ngapi huharibika kwa kukosa maelekezo kama hayo.

Mei 1966 alimshinda Whitfield karibu kura mbili kwa moja.

Mlango wa Seneti

Januari 1967 aliapishwa mjini Austin. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa ameketi katika Seneti ya Texas tangu mwaka 1883, na hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kuketi humo kabisa. Walikuwa maseneta 31, wanaume 30 na yeye. Katika Baraza la Wawakilishi walikuwa wamechaguliwa pia wanaume wawili weusi, Curtis Graves wa Houston na Joe Lockridge wa Dallas. Watu wa Houston walikuja kwa wingi wakajaa juu kwenye roshani ya wageni, na alipoingia wakaanza kushangilia. Kanuni za Seneti zinakataza. Akatazama juu, akaweka kidole mdomoni. Wakanyamaza palepale wakabaki wanatabasamu.

Wengi walitegemea aanze kwa hotuba za moto. Hakufanya hivyo. Alijifunza kwanza kanuni, na alizijifunza kwa watu waliozijua, hata wahafidhina wakongwe ambao kwa fikra walikuwa mbali naye kabisa. Alikaa nao, alicheka nao. Wapo watu wake waliokasirishwa na hilo. Lakini muswada mmoja uliotaka kubana uandikishaji wa wapiga kura ulipoletwa, yeye alijua kanuni kwamba maseneta 11 wanatosha kuuzuia usijadiliwe. Akaenda kwa mmoja mmoja hadi akapata majina kumi pamoja na lake. Muswada ukafa.

Mwaka 1969 alisimamia sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara ya jimbo la Texas, dola 1.25 kwa saa, kwa ajili ya watu ambao sheria ya kitaifa ilikuwa imewaruka. Alifanikisha pia kuongezwa kwa fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini.

Hatuwezi kuandika sifa tupu. Mwaka 1971 ramani zilichorwa tena, na safari hii Barbara alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyozichora. Likapatikana eneo zuri la Bunge la Washington katikati ya Houston, naye akagombea huko mwaka 1972 akashinda, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Kusini kufika bunge lile. Lakini eneo lake la Seneti, lile la 11 ambalo akina mama walilifanyia kazi ya miguu miaka yote ile, liligawanywa vipande. Curtis Graves alimshutumu hadharani kwamba amewauza watu wake ili apate cheo, akagombea dhidi yake, na kushindwa vibaya. Je, alikuwa na uwezo wa kuzuia ule mgawanyo? Wanahistoria wanalumbana. Sisi tunaona kwamba ndani ya kamati ya wengi mtu mmoja hachori peke yake, hata hivyo swali la Graves lilikuwa la haki, na wapiga kura wa eneo lile walistahili kulisikia. Seneti ya Texas haikupata tena mtu mweusi hadi mwaka 1983.

Yaliyofuata yameandikwa sana, nasi tutayapita. Tarehe 25 Julai 1974 alizungumza kwenye kamati iliyomchunguza Rais Nixon, taifa zima likitazama. Mwaka 1975 alipigania sheria ya haki ya kura ipanuliwe ili ifike Texas na kuwalinda wanaosema lugha nyingine. Mwaka 1976 alihutubia mkutano mkuu wa chama chake. Aliacha bunge Januari 1979, akafundisha Chuo Kikuu cha Texas, kilekile ambacho watu wake walifungiwa mlango, huku akisumbuliwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Alifariki tarehe 17 Januari 1996.

Tumalizie na siku moja ya mwaka 1972, kabla hajaondoka Seneti. Machi mwaka ule wenzake, wanaume wote wale 30, walimchagua kuwa kiongozi wa muda wa Seneti, na kwa desturi ya Texas mwenye cheo hicho hupewa siku moja ya kuwa kaimu gavana. Siku yake ikawa Jumamosi tarehe 10 Juni. Watu wa Fifth Ward walikuja Austin kwa mabasi, wanakwaya, walimu wake, akina mama wale wa vituo vya kura. Baba yake, Benjamin Jordan, alikuwapo, karani wa ghala ambaye mwanzoni alitaka binti zake wawe walimu wa muziki. Alimwona amekaa katika kiti cha gavana. Siku ileile, palepale kwenye jengo la bunge, mzee alipata kiharusi, wakamkimbiza hospitali. Binti alimaliza shughuli za siku, kisha akaenda kukaa naye. Kesho yake mzee Jordan akafariki.